Mtoto anayehema hafukizwi ubani

Ubani ni nini?
Ni utomvu mkavu wa mti unaoota kwenye majabali ya Dhofar, kusini mwa Oman, na pia Yemen na Somalia. Wavunaji hukwangua gome kwa kisu, utomvu mweupe ukachuruzika na kuachwa ugande.

Umeanza kutumika lini?
Zamani mno. Wamisri wa Malkia Hatshepsut, miaka kama 3,500 iliyopita, walifuata uvumba kwa merikebu hadi nchi waliyoiita Punt. Kwetu pwani, nyumba yenye mzazi haikosi chetezo. Fukiza kanga zake, fukiza sebule mgeni akija, sina neno.

Mtoto akikohoa na kuhema, nimfukize?
Hapana.

Hata kidogo, mlango ukiwa wazi?
Hapana! Naletewa mtoto, nasikia harufu ya ubani kwenye kanga kabla mama hajafungua mdomo. Pua zinachanuka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nauliza tangu lini. "Tangu juzi, nesi. Bibi yake alimfukiza, akatulia." Hakutulia, mama yangu. Alichoka. Siku mbili za dawa zimeishia kwenye moshi.

Lakini sisi tulifukizwa na tukakua.
Bibi zetu nawaheshimu, walitumia walichokuwa nacho. Ila tunaosimulia ni sisi tuliopona. Nimonia, inayomfanya mtoto ahema hivyo, ni vijidudu ndani ya mapafu. Moshi hauviui, unazidi kuchubua njia ya hewa. Na makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtoto pamoja na mama aliyelala naye.

Na mwenye pumu?
Moshi wowote unaweza kumwamshia pumu, uwe wa ubani, udi au kuni.

Nitajuaje ni hatari?
Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usihesabu chochote: mbebe, nenda kituo cha afya usiku huohuo. Usingoje kupambazuke, wala usimngoje shangazi afike na chetezo.