Juu mahindi yamekauka, ndani ya gunia yanatoka jasho

Mkulima akitaka kujua kama mahindi yamekauka, hutia punje mdomoni akaing'ata. Ikilia ka!, anaanza kujaza magunia. Nina miaka mingi katika kazi ya hifadhi ya nafaka, na hasara nyingi nilizoziona zilianzia kwenye jino hilo. Jino halitofautishi unyevu wa asilimia 13 na wa 16, na hapo ndipo penye kazi yote. Kiwango cha Afrika Mashariki ni kisichozidi asilimia 13.5.

Punje ni kitu hai. Ikiwa na maji mengi hupumua kwa kasi, ikatoa joto na mvuke. Usiku bati la ghala likipoa, mvuke ule hupanda, hukutana na ubaridi, ukageuka matone juu ya rundo.

Msimu mmoja huko Kiteto, mama mmoja alinifungulia gunia lililokuwa katikati ya rundo. Pembeni mahindi yalikuwa safi kabisa. Nilipozamisha mkono hadi kwenye kiwiko nikakuta joto kama chini ya kuku anayeatamia, na punje zimeshikana tonge la rangi ya kijani. Nilimsihi asiyale, asisage, asiwape hata kuku. Fangasi wa aina hiyo, hasa Aspergillus flavus, hutoa sumukuvu, na kuipika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara.

Kwa nini basi watu hawakaushi vizuri? Naomba tusiwalaumu upesi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikishushwa hadi 13.5 hubaki kama kilo 95. Mnunuzi akija na mizani bila kipima unyevu, mkulima aliyekausha anaadhibiwa kilo tano kila gunia. Hili linaniuma sana.

Kama huna kipima unyevu, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda uko chini ya hapo, lakini bado anika siku moja zaidi, juu ya turubai, si kwenye udongo.

Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa naipenda, kwa sababu dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, hufa humo bila dawa. Ila haikaushi: ukitia mahindi mabichi, umeyafungia na maji yake.

Yule mama alianika upya magunia yaliyosalimika. Siku ya tatu jioni alitikisa chupa mbele yangu, na chumvi yote ikashuka chini.