Isotopu thabiti za oksijeni katika magamba ya foraminifera

Oksijeni yote si ya uzito mmoja. Karibu atomu zote, takriban 99.76%, zina uzito wa 16. Mbili hivi katika kila elfu zina uzito wa 18, kwa kuwa zimebeba nyutroni mbili za ziada. Aina hizi za atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito ndizo isotopu. Zinaitwa thabiti kwa sababu hazitoi mionzi wala hazigeuki kuwa kitu kingine. Uwiano wake ukishafungiwa ndani ya gamba zima, unaweza kudumu mamilioni ya miaka.

Foraminifera ni kiumbe wa seli moja anayejijengea nyumba ya chokaa kutokana na maji ya bahari. Maji yakipoa, chokaa hiyo hupata oksijeni 18 nyingi zaidi. Mwanakemia Harold Urey alieleza msingi wa jambo hili mwaka 1947, na mwaka 1955 Cesare Emiliani akalitumia kusoma joto la bahari za kale. Lakini barafu nayo ina mkono wake. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi. Yakiganda kwa wingi nchi kavu, bahari hubaki na ile nzito. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton alionyesha kuwa sehemu kubwa ya mabadiliko ya uwiano huo katika enzi za barafu ilitokana na barafu yenyewe kuliko joto.

Kazi huanza kwa mkono. Tope la sakafu ya bahari huoshwa kwenye chekeche, kisha mtu huinamia hadubini na brashi nyembamba iliyoloweshwa, akiokota magamba ya spishi moja, madogo kama chembe za mchanga. Asidi ya fosforiki huyayeyusha, yakatoa kaboni dayoksaidi, na spektromita, mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito, hulinganisha zile zenye uzito wa 44 na za 46, ambazo zimebeba oksijeni 18.

Gamba likiharibika, kipimo hudanganya, na hapo ndipo Tanzania inapoingia. Kwa miaka mingi bahari za tropiki za Eosini, enzi ya mamilioni ya miaka iliyopita, zilionekana kuwa na ubaridi usioelezeka, kumbe chokaa ya magamba ilijiunda upya kwenye baridi ya kilindini. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi ulikuwa umeyahifadhi yakiwa bado yanang'aa kama kioo. Paul Pearson na wenzake walipima magamba ya namna hiyo, yakiwemo ya Tanzania, na mwaka 2001 wakachapisha joto la juu ya bahari lisilopungua nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi.