Programu ya ratiba haifuti ukongwe wa rubani

Mazungumzo ya mkataba yakifika kwenye ratiba, hofu ileile huzuka miongoni mwa marubani wa Marekani: kompyuta itafuta ukongwe kazini. Si kweli. Katika mfumo wa zamani, kampuni hutunga ratiba kamili za mwezi na marubani huchagua kwa zamu ya ukongwe. Katika mfumo wa mapendeleo, unaotumika katika mashirika ya ndege ya Delta, United na American, rubani huandika anachotaka: siku za mapumziko, safari fupi, kutolala Chicago. Programu huanza na aliye mkongwe zaidi, ikashuka hadi wa mwisho kuajiriwa.

Linalostahili ubishi ni jingine. Zamani, safari iliyogongana na likizo au mafunzo iliachwa, akatafutwa rubani mwingine wa kuirusha. Programu hutangulia kuweka likizo, mgongano usitokee, na kazi ileile ikahitaji marubani wachache. Hapo ajira za vijana huguswa kweli, na naona chama cha marubani kina haki kabisa ya kudai fidia. Mkataba pia useme wazi ni lini programu inaweza kumpa mkongwe safari asiyoitaka, mathalani Krismasi, waliobaki wanapokuwa hawatoshi.