Hewa ya Nairobi Ikipimwa kutoka Angani

Saa moja asubuhi pale Muthurwa, moshi wa matatu hukukaba koo kabla hujalipa nauli. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, inayotupatia ramani za hewa ya jiji, haiukuti moshi huo. Hupita mara moja kwa siku mwendo wa saa saba na nusu mchana, kilomita 824 hivi juu yetu. Msongamano wa asubuhi umeshapungua, wa jioni bado.

Hata hivyo faida yake ni kubwa. Tangu irushwe Oktoba 2017, kipimio chake, TROPOMI, huchunguza mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini. Nitrojeni dioksidi, gesi itokayo kwenye injini na mitambo ya kuchoma mafuta, hufyonza sehemu ya mwanga wa buluu. Mwanga huo ukipungua, tunajua gesi imezidi. Mchana haidumu hewani ila saa chache, kwa hiyo ikionekana, chanzo hakiko mbali. Ndiyo maana mwaka 2020, shughuli ziliposimama Wuhan na kaskazini mwa Italia, rangi za ramani zilififia ndani ya majuma machache.

Ninachoomba ni tuzisome ramani hizi kwa uangalifu. Kila kipande chake, kikiwa kidogo kabisa, ni kilomita 5.5 kwa 3.5. Kaunti nzima ya Nairobi, kilomita za mraba 696, inaingia katika vipande kama 36 tu. Tena namba ya kila kipande hujumlisha gesi iliyoko kuanzia ardhini hadi kilomita kadhaa juu. Si kipimo cha hewa anayovuta mama anayechoma mahindi kando ya Barabara ya Jogoo.

Halafu kuna mawingu. Julai yetu hufunikwa, na siku nyingi hukosa kipimo. Anayelinganisha Februari na Julai akatangaza kuwa hewa imesafika anatupotosha. Julai ilinganishwe na Julai, kwa wastani wa mwezi, miaka kadhaa mfululizo.

Korea Kusini ilirusha setilaiti ya kupima hewa ya Asia kila saa mwaka 2020. Marekani ikafuata 2023. Afrika bado haina yake, na hilo linaniuma. Kwa sasa tunahitaji vipimio vya ardhini, hasa kwenye mageti ya shule, vikisoma hewa saa ileile watoto wanaposhuka matatu.