Lokali maltipleya ni nini, na kwa nini gemu fupi ndo zinafaa mkikutana washkaji

Kuna mshkaji wangu alituita jioni moja tukacheze gemu kwake. Kanunua mpya kabisa, kaichagua kwa sababu kwenye maelezo iliandikwa ni maltipleya, padi nne zimechajiwa, tivii kubwa, watu watano tumekaa. Anaiwasha, anatafuta pa kuunganisha padi ya pili, hapaoni. Kumbe maltipleya yenyewe ni ya onlaini tu, kila mchezaji awe na mashine yake na akaunti yake na kopi yake ya gemu. Basi tukakaa kama nusu saa tunamwangalia mwenye nyumba anapigwa risasi na watu asiowajua, alafu tukahamia kwenye stori.

Sio kosa lake sana, neno lenyewe linachanganya. Maltipleya ni wachezaji zaidi ya mmoja, basi, halikwambii wako wapi. Ukiwa na mpango wa kukutana na watu unachotafuta ni lokali maltipleya, yaani mashine moja, kioo kimoja, na nyie wote mko chumba hichohicho, kila mtu na padi yake au mnabanana kwenye kibodi moja au mnapokezana padi. Wengine wanaziita gemu za kwenye kochi na mimi jina hilo nalipenda zaidi, manake linataja kitu chenyewe, mmekaa bega kwa bega na ukimfanyia mtu unyama kwenye gemu anakupiga kiwiko hapohapo.

Kuna na ile ya LAN, ambayo iko katikati. Mnakuwa pamoja ila mashine ni kadhaa zimeunganishwa, kwa mfano Halo ya kwanza ya mwaka 2001, gemu ya kupigana risasi, ilikuwa inaruhusu kuunganisha mashine nne za Xbox kwa waya mpaka watu 16 wakacheza mechi moja. Tamu sana hiyo, sema mpaka mtu abebe tivii. Kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hizi zimetenganishwa, onlaini ina alama yake, LAN ina yake, na skrini ya pamoja au iliyogawanywa ina yake, hiyo ya mwisho ndo uiangalie kabla hujalipa.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba gemu zilianza hivi. Mwaka 1958 William Higinbotham, mwanafizikia wa maabara ya Brookhaven kule Marekani, alitengeneza mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo cha kupimia umeme ili wageni wanaotembelea maabara wasichoke, na ulikuwa wa watu wawili. Pong, ile tenisi ya mezani ya kampuni ya Atari ya mwaka 1972, nayo ilitaka watu wawili, ukija peke yako huna mpinzani. Kwaiyo kucheza na mtu aliye pembeni yako ndo mwanzo wenyewe, kucheza peke yako dhidi ya kompyuta kulikuja kushika kasi baadaye, na onlaini ikafuata mbali huko.

Sasa tuje kwenye hili neno "fupi", hapa ndo watu wanapokosea hata wakishapata gemu ya lokali. Gemu fupi sio lazima iwe ndogo au ya bei rahisi au ya watoto. Ufupi unaoongelewa ni wa raundi. Toka mnaanza mpaka mmoja ashinde inachukua muda gani? Ikiwa sekunde 30, dakika mbili, dakika tano, mko salama. Ikiwa nusu saa, hapo usiku unaweza kufa mapema, kwa sababu watu hawaji wote kwa wakati mmoja, mmoja anachelewa, mwingine anapigiwa simu anatoka nje, na wako sita ila padi ni nne. Raundi ikiwa fupi hakuna anayesubiri mpaka akaanza kuchezea simu yake, na aliyekuja saa tatu anaingia bila kuelezewa stori ya gemu ilianzia wapi.

Alafu kuna suala la kufungwa. Kufungwa kwenye raundi ya dakika 40 kunauma, unajisikia umepoteza jioni. Kufungwa kwenye raundi ya sekunde 20 unacheka, unasema "tena", na kabla hujamaliza kulalamika imeshaanza nyingine. Chukua TowerFall, ilitoka 2013 na toleo kubwa likaja 2014: watu mpaka wanne kwenye uwanja mmoja mdogo unaoonekana wote kwenye kioo, kila mtu ni mpiga mishale, mshale mmoja ukikupata umekufa. Hamna damu ya kupungua taratibu. Na mishale ni michache, ukirusha yote inabidi ukaiokote, au umruke mwenzako kichwani, au kama una jicho kali udake mshale wake ukiwa bado hewani umrudishie. Sheria zote unazielewa raundi ya pili, lakini yale mambo ya kudaka utakuja kuyaweza usiku wa tatu huko.

Hicho ndo kipimo changu, mtu ambaye hajawahi kushika padi aelewe anachotakiwa kufanya ndani ya dakika moja. Sio aweze kushinda, aelewe tu. Ukishaanza kumwambia "bonyeza hii, alafu ushikilie hii, alafu usogeze huku" umempoteza, atasema nyie chezeni mi naangalia tu, na ukimsikia mtu anasema hivyo ujue harudi kwenye padi tena.

Kuna tatizo lingine la mwenye gemu. Yeye kazoea, kacheza mwezi mzima peke yake, leo anawaita wageni awachape. Gemu za kupigana kama Street Fighter ni lokali kabisa na raundi zake ni fupi kweli, ila kama mmoja anajua na wengine hawajui hiyo sio burudani, ni mateso. FIFA pia ni hivyohivyo, nusu za dakika nne nne zinafaa, anayefungwa anaachia padi, safi, shida ni yule mmoja ambaye toka mmeanza hajanyanyuka. Watengenezaji wanalijua hili na wana mbinu zao. Mario Kart, ya mbio za magari, inawapa walioko nyuma silaha kali kuliko walioko mbele, na toka Mario Kart 64 ya mwaka 1996 kuna lile gamba la bluu linalomfuata anayeongoza mpaka limpate. Watu wanalitukana sana lile gamba, mimi nalitetea, bila hilo mashindano yanaisha kwenye kona ya pili.

Ila mbinu ambayo mimi naikubali kuliko zote iko kwenye Ultimate Chicken Horse, ya 2016. Mnakimbia kutoka mwanzo mpaka kwenye bendera, kabla ya kila raundi kila mtu anachagua kitu kimoja anakiweka njiani, ubao wa kukanyagia, msumeno, mtambo wa kurusha mishale, chochote. Sasa utamu uko hapa: mkifika wote hakuna anayepata pointi, inahesabika ilikuwa rahisi mno. Asipofika hata mmoja, hamna pointi pia. Kwaiyo inabidi uweke mtego utakaowaua wenzako ila wewe upite, na nusu ya mara unauliwa na msumeno wako mwenyewe mbele ya watu wote. Anayejua sana gemu anaweza kuruka vizuri, sawa, lakini raundi ya nane njia imejaa takataka za kila mtu na wote mnakufa tu.

Kuhusu kioo kuna namna mbili. Kuna kugawanya, kila mtu na kipande chake, na kuna wote kuwa kwenye picha moja. Ya kugawanya wengi wanaikumbuka kwa GoldenEye 007, gemu ya risasi ya Nintendo 64, mwaka 1997, watu wanne kwenye robo robo za tivii, na ugomvi mkubwa wa enzi hizo ulikuwa kuchungulia, yaani unaangalia kipande cha mwenzako ujue kajificha wapi. Kila mtu anakataa na kila mtu anachungulia. Picha moja imekata huo ugomvi, wote mnaona kilekile, na watengenezaji wengine wakageuza huko kuonana kukawa mchezo wenyewe, kuna gemu inaitwa Hidden in Plain Sight ambayo kioo kimejaa watu wanaofanana na kompyuta inawatembeza karibu wote, wewe ni mmoja wao na huambiwi yupi, inabidi kwanza ujitafute alafu utembee kama kompyuta ili wenzako wasikushtukie. Ukumbi wote unanyamaza, watu watano wanakodolea tivii moja hawapumui.

Sio lazima mpigane. Kuna za kusaidiana, Overcooked ya 2016 ndo maarufu, wapishi mpaka wanne jiko moja, oda zinaingia, mmoja anakata, mmoja anaosha vyombo, mmoja kasimama katikati ya njia, na kila hatua ya gemu ina muda wake wa dakika chache. Inaitwa ya kusaidiana lakini kelele zake zinazidi za gemu nyingi za kupigana, aliyekuwa mpole ndo anaanza kuamrisha watu. Na kuna zile ambazo kila mtu hafanyi kitu kilekile. Keep Talking and Nobody Explodes ya 2015, mmoja tu anaona bomu, wengine wana kitabu cha maelekezo ambacho mnaweza kukichapisha kwenye karatasi, hawaruhusiwi kuona kioo, inabidi waulizane kwa mdomo tu waya ziko ngapi na ya mwisho ina rangi gani huku saa inarudi nyuma. Hapo padi haihitajiki hata, na yule aliyesema hajui gemu anakuwa mtu muhimu kuliko wote kwa sababu anasoma haraka.

Mkiwa na padi mbili na watu saba bado sio mwisho wa dunia. Gemu za Jackbox, zilizoanza 2014 na pakiti yao ya kwanza, zinatumia simu za watu, mnafungua ukurasa kwenye brauza, mnaingiza herufi nne zilizoko kwenye tivii, mnaandika majibu yenu hapo. Nyingi zinategemea maneno ya Kiingereza, hiyo ujue kabisa. BombSquad nayo, ya kurushiana mabomu, inakubali simu kuwa padi kwa apu yake ndogo na mnaweza kufika watu wanane, kwangu mimi ndo ya kuanzia kama mfuko hauruhusu.

Mtu atauliza, mbona gemu kubwa siku hizi hazina hii kitu? Sababu moja ni ya kiufundi, kugawanya kioo maana yake mashine ichore ule ulimwengu mara mbili au mara nne kwa wakati mmoja, na gemu zenye picha kali zinaitumia mashine yote kwa mchezaji mmoja tu. Nyingine ni biashara, wanne mkiwa kochi moja mmenunua kopi moja. Halo 5 ya mwaka 2015 iliondoa kabisa kugawanya kioo, kwenye familia ya gemu iliyojengewa jina na kitu hichohicho, na mashabiki walichukia kweli. Nafasi hiyo ndo studio ndogo zikaijaza, ukiangalia nilizotaja hapo juu kadhaa ni za kati ya 2013 na 2016 na nyingi kati ya hizo zimetengenezwa na timu za watu wachache. Alafu 2017 ikaja mashine ya Nintendo Switch ambayo padi yake ukiichomoa inakuwa padi mbili, hapo mambo yakawa mepesi zaidi.

Na kuna hii ya Steam toka 2019, Remote Play Together, inachukua gemu ya lokali inaipitisha kwenye intaneti, mwenye gemu ni mmoja tu, wengine wanaona picha yake na padi zao zinafanya kazi kama vile wako hapo. Ni kitu kizuri na nakitumia, ila siiiti lokali. Inakwamakwama kidogo, na kwenye gemu ya mshale mmoja kifo, kidogo hicho kinatosha kukuua.

Upande mwingine kabisa kuna Johann Sebastian Joust, iliyotoka kwenye mkusanyo wa Sportsfriends mwaka 2014, ambayo haitaki kioo. Mnasimama, mpaka watu saba, kila mmoja kashika padi yenye taa, spika inapiga muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Kijerumani. Muziki ukiwa wa taratibu padi ikitikisika kidogo tu umetoka, ukiharakisha unaruhusiwa kwenda kasi zaidi, na kazi yako ni kuitikisa padi ya mwenzako bila yako kutikisika. Watu wazima wanatembea kama vinyonga sebuleni, mkono mmoja nyuma, alafu ghafla mmoja anaruka. Tivii imezimwa na bado mnacheza gemu.