Je, wajua kwa nini ni vigumu kumpa panya mzio wa karanga?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watafiti wakitaka panya mwenye mzio wa karanga humlisha karanga mpaka mwili uchoke nazo. Kumbe ni kinyume kabisa. Panya aliyezoea kuzila hata ukija kumdunga protini yake, kinga yake mara nyingi hukaa kimya. Wala hili si jipya: mwaka 1911 watafiti Wells na Osborne waliona simbilisi waliokulia chakula chenye mahindi hawapatwi na mshtuko wa mzio wakidungwa protini ya mahindi. Kula kuliwakinga.

Utumbo ni geti lenye mlinzi mzoefu. Kutwa wanapita wageni, naye hapigi filimbi. Anawaandika daftarini kuwa ni wa humu. Wanaoshika daftari hilo ni seli T dhibiti, chembe za kinga zinazoutuliza mwili usishambulie ovyo. Lakini mgeni akiingia king'ora kinalia, anaandikwa ukurasa wa wahalifu, hata kama si yeye aliyekiwasha.

Basi maabara huwasha king'ora. Panya hunyweshwa karanga pamoja na sumu kidogo ya kipindupindu (ndiyo, kipindupindu), kwa wiki kadhaa. Mwili hutengeneza kingamwili aina ya IgE, zile zinazoleta mzio, dhidi ya karanga, na siku karanga inaporudi peke yake, bila king'ora, jina lake tayari limo.

Njia nyingine ni kupita ukutani: ngozi iliyonyolewa hubandikwa na kubanduliwa selotepu mpaka ichubuke, kisha hupakwa protini. Anayeingilia ukuta uliobomoka hadhaniwi mgeni.

Kwa pumu kazi ni nyepesi zaidi. Utitiri wa vumbi la nyumbani una vimeng'enya vinavyotafuna utando wa njia ya hewa, yaani unakuja na king'ora chake. Matone ya puani yanatosha.

Ila panya si mtu mdogo. Mshtuko wake waweza kupitia kingamwili za aina nyingine, IgG, pia, si IgE peke yake, hivyo dawa iliyomwokoa yeye haina hakika ya kutuokoa sisi. Tena hawezi kusema koo linambana. Mishipa yake ikivuja, joto la mwili hushuka nyuzi kadhaa, kwa hiyo kipimo kinachotegemewa sana katika utafiti wa mshtuko huu ni kipimajoto chembamba, kinachoingizwa njia ya haja kubwa kila baada ya dakika chache.