Nitrati katika maji ya bomba na tangi la samaki wa mapambo

Nitrati ni muungano wa naitrojeni na oksijeni unaoyeyuka kabisa majini, usio na rangi wala harufu. Ndani ya tangi huzaliwa kutokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula: bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti huua haraka. Nitrati hudhoofisha samaki polepole na kuneemesha mwani, ndiyo maana wafugaji wengi hawapendi izidi miligramu 20 hadi 40 kwa lita.

Dawa iliyozoeleka ni kubadilisha maji, lakini dawa hiyo hushindwa pale maji mapya yanapokuja na nitrati yake. Tangi lenye miligramu 40, ukilibadilishia nusu ya maji kwa maji ya bomba yenye 40, litabaki na 40, hata ukirudia kila siku. Kwa hiyo pima bomba kabla ya kulaumu chujio au samaki. Soma pia maelezo ya kipimo chako kwa makini, kwani vingine huhesabu naitrojeni peke yake, na 10 ya namna hiyo ni sawa na takriban 44 ya nitrati.

Hapa Tanga maji ya jiji hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki, na mvua kubwa huweza kusomba mbolea na samadi kutoka mashambani. Hivyo kipimo cha kiangazi hakitoshi kusemea masika. Anayechota kisimani karibu na choo cha shimo ana sababu kubwa zaidi ya kupima. Ikizidi 50, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, suala si la samaki tena: maji hayo asikorogewe maziwa mtoto mchanga.

Kuchemsha hakuondoi nitrati, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua, nitrati yenyewe ikabaki. Mkaa wa chujio na dawa ya kuondoa klorini haviigusi. Mashine ya kuchuja kwa utando huiondoa kwa sehemu kubwa, ila ni ghali na humwaga maji mengi. Kwa mtu wa pwani naona mvua ndiyo njia bora: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata, kisha changanya debe moja la mvua na debe moja la bomba, 40 itashuka karibu na 20. Usitumie ya mvua peke yake, maana haina madini na tindikali ya tangi inaweza kupanda ghafla. Mimea inayoelea nayo hufyonza nitrati, mradi uipunguze mara kwa mara kabla haijaoza humo humo. Na tangi lililokaa muda mrefu na kiwango kikubwa lishushwe kwa mabadiliko madogo ya wiki kadhaa, kwani samaki waliozoea maji hayo hushtuka wakihamishwa kwa siku moja.